Jibini la Moto kwa Bi Zeyana

Mlango ulifunguliwa na Bi Zeyana mwenyewe, na hapo Mwatime akajua kwamba nafasi ya kugeuza gari na kurudi Dallas imekwisha.

"Wewe ndiye mpishi?" aliuliza bibi yule. Alikuwa amejitupia leso begani na miwani ameipandisha juu ya paji la uso. "Karibu, mwanangu, karibu. Afnan keshanitia wasiwasi na hivyo vitafunio vyake. Ingia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia basi, mbona wasimama?"

Mwatime hakuingia. Mikononi alikuwa na trei kubwa iliyofunikwa foili, na chini ya foili mlikuwa na majibini ya duara aliyoyafunga kwa unga uliokandwa na siagi, laini kama mashavu ya mtoto. Njia nzima kutoka Carrollton, pembeni mwa Dallas, alikuwa akijizoeza maneno ya kusema mlangoni hapa. Aliyasema kwa sauti akipita Corsicana, akayasema tena Huntsville kwa mpangilio mwengine, mzuri zaidi. Sasa yote yalikuwa yamemtoka.

"Mama, kabla sijaingia, nataka unijue. Mimi ndiye Mwatime. Yule ambaye Aiman alikutajia."

Tabasamu la Bi Zeyana halikuondoka mara moja; lilififia kidogo kidogo, kama taa inayopunguzwa. Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa akikata nyasi kwa mashine yake yenye kelele. Dallas asubuhi ile watu walikuwa wamevaa majaketi, lakini hapa Houston jua lilikuwa bado linauma na hewa ina unyevu, na jasho lilimtiririka Mwatime ndani ya buibui.

"Yule mtalaka?" aliuliza Bi Zeyana.

"Ndiye mimi."

"Unayemzidi mwanangu miaka mitatu?"

"Minne, mama."

Bi Zeyana alimtazama kuanzia mtandio hadi viatu, akarudi tena juu, akaishia kwenye ile trei.

"Na ukaona uje leo. Siku ya mwanangu kuvishwa pete."

"Nimekuja kwa kazi niliyoitiwa. Ukinambia nirudi, nitarudi, na vitu nitakuachia, Afnan nitamuelekeza namna ya kuvioka. Lakini sikutaka kuingia jikoni kwako kwa hila, halafu kesho uambiwe kwamba ulikula mkono wa mtu uliyemkataa."

Nyuma ya mama yake, Afnan alitokeza kichwa, nywele zimejaa vibanio, uso umempauka. Yeye ndiye aliyempigia Mwatime simu kabla ya Ramadhani. Alijitambulisha bila kuzunguka: mimi dada yake Aiman, najua wewe ni nani, mama hajui, na nataka vitafunio vyako usiku wa pete yangu. Alikuwa amevila mara moja kwenye harusi moja mjini Richardson, karibu na Dallas, ile ile ambayo Aiman alirudi mezani kwa Mwatime mara nyingi mno, mpaka Mwatime akamuuliza kama ana njaa au ana shida. "Nina shida," Aiman alijibu, na toka siku ile hawakuacha kuzungumza. Afnan alitaka Mwatime anyamaze mpaka wageni wawe wamekula wakashiba. Mwatime alikubali kazi, kunyamaza akakataa.

"Mama," alisema Afnan kwa sauti ndogo, "wageni wanakuja baada ya Maghribi. Please, usi-cancel."

"Wewe nyamaza. Na wewe tutazungumza." Bi Zeyana aliitazama saa ya ukutani, akaitazama trei, akashusha pumzi. "Ingia. Viatu vua hapo."

*

Jiko lilikuwa safi, lina harufu ya iliki na udi. Mwatime alipanga vitu vyake juu ya meza: tende zilizotolewa kokwa, tini kavu zilizolowekwa katika maji ya machungwa, njugu za pekani alizozikaanga kidogo kwa siagi na mdalasini, asali. Pembeni aliweka vikombe vidogo vya uyoga atakavyovijaza jibini la mbuzi, na sambusa za boga nyembamba kama kidole. Bi Zeyana alivuta kiti akakaa mlangoni, mikono kifuani, kama mtu anayelinda benki.

"Hilo jibini halali?"

"Wameligandisha kwa mmea, mama, halina kitu cha mnyama asiyechinjwa. Niliwapigia simu wenyewe wanaolitengeneza, nikawauliza."

"Na litaliwa li moto?"

"Li moto, limeyeyuka ndani. Unapasua juu kwa kisu, lamwagika polepole, watu wanachovya mkate na vipande vya tufaha na mapeasi."

"Mtihani," alisema Bi Zeyana. "Kwetu mgeni wa heshima anapewa mkate wa kumimina na kahawa. Huyu mwanangu kaona picha kwenye gazeti, majani mekundu, maboga, mishumaa, toka hapo hatuna amani humu ndani. Ati mama mkwe wake mtu wa mambo makubwa."

"Ataridhika, inshallah."

"Sikukuuliza."

Mwatime aliinamisha macho, akaendelea. Alikata majani madogo kwa unga uliobaki, akachora mishipa yake kwa ncha ya kisu, akayabandika juu ya kila jibini. Vidole vyake vilijua kazi hii. Moyo ndio uliokuwa ukipiga ovyo. Alipaka yai juu, akaingiza jibini la kwanza katika oveni ili apime moto wa jiko asilolijua. Alimsikia Bi Zeyana akihama kiti, kikakwaruza sakafu, kikawa karibu zaidi.

"Nikuulize," alisema bibi, na sasa sauti ilikuwa ya chini. "Mume ulimuacha, au alikuacha?"

"Nilidai talaka mwenyewe."

"Kwa lipi? Alikupiga?"

"La."

"Mlevi?"

"La, mama. Msikitini alikuwa safu ya mbele."

"Basi kwa lipi?"

Mwatime aliweka brashi chini. Jambo hili hakupenda kulisema; hata Aiman alikuwa amemsimulia nusu tu. Lakini bibi huyu alikuwa ameuliza ana kwa ana, hakwenda kuuliza kwa majirani.

"Alinileta huku nikiwa bado msichana. Akasema nikipiga simu Mombasa mara kwa mara sitaizoea nyumba yangu. Mwanzo nikaona ni mapenzi, ananitaka niwe wake tu. Baadaye namba akabadilisha, barua za nyumbani zikawa hazinifikii. Mama yangu aliugua, akawa ananiulizia. Nilikuja kupata habari kwa mwanamke mmoja dukani, ananipa pole ya msiba, mimi sijui msiba wa nani." Aliokota brashi, akairudisha chini. "Siku ile sikurudi nyumbani kwake. Nilikwenda kwa kaka yangu Abdulghafur na nguo nilizovaa."

Bi Zeyana aliishusha miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya leso, na haikuwa na vumbi.

"Aiman hakunambia hayo."

"Nilimkataza. Sikutaka nionewe huruma ndiyo niolewe."

"Nina mwanangu mwengine, mkubwa," alisema Bi Zeyana. "Swafwani. Yuko Minnesota. Alikuwa hawezi kulala bila kuja kunambia mama, usiku mwema. Kaoa. Sasa Idi hii nimekaa na simu mapajani toka asubuhi, haikulia. Nikajiambia Zeyana, wa pili huyu shika kwa mikono miwili. Anakuja kunambia kapenda mtu Dallas. Dallas! Mtalaka, mkubwa wake. Mimi hata sikusikia hayo mengine, nilisikia Dallas tu."

Mwatime alitamani kumshika mkono, akaogopa. "Mama, mimi siwezi kukuahidi maisha yatakwendaje. Lakini mtu kuzuiwa na mama yake, hilo nalijua lina ladha gani. Silitaki kwa adui yangu, seuze kwa Aiman."

Bi Zeyana alikuwa anataka kujibu, ndipo pua yake ikacheza. "Kuna nini kinaungua?"

"Yallah!"

Mwatime alivuta mlango wa oveni, moshi ukampiga usoni. Jiko la Bi Zeyana lilikuwa na moto mkali kuliko namba zilizoandikwa juu yake. Unga ulikuwa umepasuka ubavuni na jibini limetoka lote, limetambaa kwenye trei kama uji uliofurika. Mwatime alisimama na vitambaa mikononi, machozi yakimlengalenga. Kazi yake yote, na mbele ya mtu huyu!

"Usiliguse, utaungua!" Bi Zeyana alikuwa amekwisha kuinuka. Alifungua kabati, akatoa bakuli la udongo, zito, lenye rangi ya kahawia. "Mwiko huo hapo. Kwangua la katikati, la pembeni limekula moto, liache. Haraka, litaganda!"

Walikwangua pamoja, mmoja ameshika trei, mmoja mwiko. Jibini likaingia bakulini likivutika nyuzi. Bi Zeyana akatupia tende, Mwatime akamimina asali na pekani, akalirejesha kidogo tu ndani ya moto uliopunguzwa. Lilipotoka lilikuwa linachemka taratibu, la dhahabu, na jiko zima lilinukia mdalasini.

Bi Zeyana alichovya kipande cha tufaha, akapuliza, akatia mdomoni. Alitafuna amefumba macho.

"Mh," alisema bibi. Akachovya tena. "Lina wazimu wake, lakini tamu."

Wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza, na kicheko kiliwashika kwa nguvu kuliko jambo lenyewe, mpaka Bi Zeyana akajishika ubavu na Mwatime akaegemea meza. Katika hali hiyo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa.

Aiman alisimama kizingitini na sare zake za hospitali, beji shingoni, mfuko wa barafu mkononi. Alimtazama mama yake. Alimtazama Mwatime, unga shavuni, macho yamelowa. Mfuko wa barafu ukamponyoka.

"Barafu hiyo," alisema Bi Zeyana, bila kugeuka. "Okota, kisha ukamsaidie mgeni kutoa vitu vilivyobaki garini. Kazi zote kazifanya peke yake."

*

Nje, kando ya gari, jua lilikuwa linashuka nyuma ya mapaa ya mtaa wa Alief. Aiman alifungua buti, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kutoa kitu.

"Mwatime. Umefanya nini?"

"Nimebisha hodi."

"Mimi nilisema nitazungumza naye tena baada ya Idi."

"Idi imepita, Aiman. Na kabla yake ulisema baada ya mitihani, na kabla yake baada ya Afnan kupata mchumba." Hakuipandisha sauti. "Nakupenda, na wewe unajua. Lakini nimechoka kuwa mtu wa kuzungumzwa simuni na mlango umefungwa. Kama mama yako angenifukuza, ningefukuzwa mimi mwenyewe, si jina langu tu."

Maneno yalimwingia. Aiman alikuwa mtu mpole, mzuri wa sura na mwepesi wa kucheka, na upole ule ndio Mwatime alioupenda. Lakini upole ule ule ndio uliokuwa ukiwachelewesha. Alijikuna shingo kama mtoto aliyeshikwa na kosa.

"Niliogopa atalia," alisema. "Alilia sana Swafwani alipoondoka. Niliogopa nitaambiwa nichague."

"Nani kakwambia uchague?"

Aiman alimtazama, na jicho lake lilituama kwa Mwatime kwa namna ambayo maneno yalikuwa hayana kazi tena. Mwatime aliona haya, akatazama vikapu vya mapeasi.

"Una unga shavuni," alisema Aiman.

"Wapi?"

"Nisingependa kukwambia. Unakupendeza."

"Chukua vikapu, mwanamume, wageni wanakuja!"

Alivibeba vyote kwa mkupuo mmoja, akicheka peke yake njia nzima.

*

Wageni walikuja wengi kuliko walivyotarajiwa. Mbele alikuwa Bi Nusra, mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye bangili nyingi na kauli iliyozoea kusikilizwa. Afnan aliwasha mishumaa, akasambaza majani mekundu ya mti wa maple aliyomwomba Mwatime ayaokote Dallas, maana Houston yalikuwa bado mabichi. Mwatime alitaka kubaki jikoni. Bi Zeyana akamvua aproni kwa mkono wake.

"Utoke uende sebuleni, upasue mwenyewe. Mimi sijui kupasua jibini."

Akatoka. Safari hii oveni alikuwa ameielewa, na majibini yalikuwa yamesimama imara, ya rangi ya kaimati, majani ya unga yameng'ara juu yake. Alipoingiza kisu, mvuke ukapanda na jibini likatiririka juu ya tini, chumba kizima kikasema "aah!" kwa pamoja. Mikate ikachovywa. Uyoga ukapita, sambusa zikapita. Lile bakuli la udongo, lililotokana na ajali, lilikuwa la kwanza kwisha, na mzee mmoja alionekana akilifuta kwa kipande cha mkate bila aibu.

Afnan akavishwa pete. Vigelegele vikapigwa, majirani wa Kimarekani wakachungulia dirishani wakitabasamu. Mwatime alisimama karibu na ukuta na sinia tupu, moyo umetua. Lolote litakalokuja baada ya hapa, alikuwa ameona nyumba hii kwa ndani, na nyumba imemuona.

Ndipo Bi Nusra alipoinua mkono wenye bangili.

"Bi Zeyana, huyu binti mpishi ni nani? Tangu niingie namtazama. Mikono ya dhahabu, adabu, na mwenyewe ana sura. Ana mume?"

Mazungumzo yalipungua. Mwatime alihisi masikio yake yakiwaka.

"Hana," alisema Bi Zeyana.

"Alhamdulillahi! Maana nina mpwa wangu huko mji wa Sugar Land, ana duka lake, mkewe kafariki, anatafuta mtu mtulivu kama huyu. Hebu nipatie namba ya watu wake."

Karibu na mlango wa jikoni, Aiman alikuwa ameshika trei ya vikombe vya kahawa. Vikombe vikaanza kulia, kimoja juu ya kingine. Alipiga hatua moja mbele, kinywa wazi, na Mwatime akaona kwamba kwa mara ya kwanza mwanamume yule yuko tayari kusema mbele ya watu. Lakini mama yake alikuwa mwepesi kuliko yeye.

"Samahani, Bi Nusra," alisema Bi Zeyana, akijimiminia sharubati kwa utulivu wote wa dunia. "Sikumaliza. Hana mume, lakini ana wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Sisi."

Aiman aliweka trei chini kabla haijamponyoka. Afnan akapiga kigelegele kimoja, peke yake, kikali, hata mchumba wake akaruka. Mwatime alijificha uso kwa sinia.

*

Wageni walipokwisha kuondoka, Bi Zeyana alikaa jikoni miguu juu ya kiti cha pili, viatu vya sherehe amevitupa huko. Mwatime alikuwa anaosha trei, Aiman anafuta, wamesimama mbali mbali kwa adabu kiasi cha kumchekesha mtu.

"Utalala hapa na Afnan," alisema Bi Zeyana. "Sikuachi uendeshe njia yote ile na giza."

"Nashukuru, mama. Na Aiman?"

"Aiman ana marafiki. Akalale kwao mpaka mambo yawe mambo."

"Mama!" alilalamika Aiman. "Kitanda changu?"

"Kitanda chako kitakungoja." Akamgeukia Mwatime. "Huyo kaka yako, Abdulghafur. Jumapili ijayo anakuwapo nyumbani?"

Trei ilimteleza Mwatime mkononi ikaingia majini. Alijua swali lile lina maana gani. Kila mwanamke wa pwani analijua.

"Anakuwapo, mama."

"Mwambie atakuwa na wageni kutoka Houston. Mimi, huyu, na mjomba wake mmoja wa kusema maneno. Swafwani nitampigia mwenyewe, nimwambie nduguye anaposa. Tuone kama hatapokea simu." Alisita kidogo, akakunja leso yake mapajani. "Na Dallas si mbali sana. Nimemuuliza Aiman, ati mtu anaondoka asubuhi anafika kabla ya Adhuhuri."

"Tena nitakuja kukuchukua mwenyewe, kila utakapotaka," alisema Mwatime.

"Tutaona."

Mwatime alikausha mikono, akainama akaubusu mkono wa Bi Zeyana, na mkono haukuvutwa. Kichwa chake kilikuwa tayari kimeanza kupanga: majibini mangapi, tini, labda na maboga madogo ya kujazwa.

"Nitawaandalia kitu kizuri, mama. Kuna moja naifanya kwa karafuu na—"

"Hasha!" Bi Zeyana aliinua kidole. "Usiguse hata sufuria. Siku ya posa yake, msichana hapiki."

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwite Mwatime msichana. Aligeuka haraka kwenye beseni ili wasimuone uso, lakini Aiman alikuwa amesimama upande ule, na alimuona.